Popo wa Wodi ya Wazazi na Kichupa Kitupu

Wiki niliyokabidhi ofisi, Sara, binti aliyerithi meza yangu, alitoa kichupa kimoja kwenye boksi la sampuli ndani ya friza, akakiinua kwenye mwanga. Kina kibandiko, kina mwandiko wangu, na ndani hakina kitu. "Mama," akaniuliza, "hiki kimekauka au kimeibwa?" Nikacheka. Kinyesi cha popo nimekishughulikia tangu sina mvi hata moja mpaka leo ninapaka hina, na sijapata kusikia mwizi aliyekitamani. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu ni refu na gari la kunirudisha nyumbani Mkiwa lilikuwa linapiga honi. Basi jibu ndilo hili, na kwa kuwa kalamu nimeshaishika, nawasimulia na mengine nyote mlioingia kazini nyuma yangu. Vyeo na mishahara mtaviona wenyewe. Havina hadithi.

Nilianza kwenye maabara ya mifugo pale Manyoni, nikitafuta minyoo kwenye kinyesi cha ng'ombe na mbuzi. Ndipo wakaja watafiti wa popo. Walihitaji fundi sanifu wa maabara asiyeona kinyaa, na mkuu wangu wa wakati ule akanitaja mimi bila kusita, sijui kwa kunisifu au kwa kuniondoa. Walichotaka kujua ni hiki: ndani ya utumbo wa kila kiumbe wanaishi bakteria wasiohesabika, wengine wanasaidia kusaga chakula, wengine wanazuia maradhi. Je, kwa popo wa porini, wakazi hao wanabadilikaje kuanzia mtoto anayenyonya, kijana anayeanza kuruka, jike mwenye mimba, jike anayenyonyesha, mpaka mzee aliyeishiwa meno? Ukijua tumbo la mzima likoje, siku akiugua utajua kilichoharibika.

Nilimweleza mama yangu. Akasikiliza huku anapeta mtama. "Kwa hiyo wanakulipa ukaangalie popo amekula nini?"

"Hapana mama. Tunaangalia nani anaishi tumboni mwake."

Akapeta ungo mzima. Halafu akasema, "Bora ungebaki na ng'ombe."

Aliyenipokea kwenye kazi hiyo alikuwa Mzee Yohana, fundi mkuu wa nyanjani. Mgogo mrefu, mkavu, mwenye mdomo wa utani na mikono mitulivu kuliko ya fundi saa. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anafunga kamba za wavu. "Marahaba. Umeshachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa?" Nikasema ndiyo. "Glovu unazo?" Nikamwonyesha. "Umekula?" Nikasema bado. Akatoa karanga za kuchemsha mfukoni. "Mwenye njaa ana mkono mzito, na mfupa wa popo ni njiti ya kiberiti. Kula kwanza, mengine utajifunza."

Jioni hiyo tulitega kwenye ghala kuukuu karibu na reli. Popo wa darini huku kwetu ni wadogo, wanaenea kiganjani, rangi ya kahawia, na mkia umechomoza kama wa panya. Wanakula wadudu. Kila aliyenaswa anaingizwa kwenye mfuko wake wa kitambaa uliofuliwa na kuchemshwa, anatulizwa humo kidogo, na akishajisaidia unaokota kile kipunje kwa kibano kisafi, unakitia kwenye kichupa, na kichupa kinazamishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, ile inayofuka moshi wa baridi. Kisha anapimwa na kuachiwa. Kwa ufupi, elimu yangu yote ilinifikisha mahali pa kukaa na kusubiri mwenzangu aende haja.

Walipokuwa wameanza kunaswa, akaja jike na mtoto mchanga kang'ang'ania kifuani. Kwa kuwa tulitaka kinyesi cha kila mmoja peke yake, tuliwatenganisha kwa muda, kila mmoja mfuko wake. Mtoto akaanza kulia. Ni sauti nyembamba mno, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Sasa mimi nyumbani Mkiwa nilikuwa nimemwachia mama yangu kifungua mimba wangu, Asha, bado ananyonya. Nilipomsikia yule mtoto wa popo, maziwa yakatoka. Yalitoka tu, yakalowesha blauzi yote mbele ya wanaume, siku yangu ya kwanza kazini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Yohana aliona. Alivua koti lake la kaki akanitupia mabegani, akaendelea kupima. Alipomaliza na yule jike na kumrudishia mtoto wake, akamwita dereva wetu. "Juma, huyu mama ana mtoto Mkiwa. Mpeleke sasa hivi." Mimi nikajitia ushujaa, nikasema kazi haijaisha. Akanitazama juu ya miwani. "Popo anayenyonyesha ninamwachia mapema arudi kwao. Wewe nikuweke hapa kwa sheria gani?"

Nilifika nyumbani Asha hajalala. Nilimpa ziwa nimekaa kizingitini, sijavua hata viatu, na nikajua kwamba kazi hii nitaifanya maisha yangu yote. Koti nilisahau kulirudisha, na yeye hakuwahi kulidai.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuandikwa popote, ndiyo maana naziandika. Ya kwanza ni "wajawazito mbele." Ukiwa na mifuko kumi inaning'inia, unaipapasa kwa nje; ukihisi tumbo la mviringo, huyo anapita kwanza, kama foleni ya kliniki. Ya pili ni ya uzi mwekundu. Mama na mtoto wakitenganishwa, mifuko yao miwili inafungwa kwa uzi mmoja mwekundu, na uzi ule haukatwi hata akija waziri, mpaka kila mtoto awe amerudi kwa aliyemzaa. Mama wa popo hapokei mtoto wa jirani. Anamjua wake kwa sauti na harufu, na wa mwenziwe anamsukuma. Niliona mtaalamu mgeni mmoja anauliza kama uzi wa bluu ungefaa. Mzee Yohana akamjibu kwamba ungefaa sana, ila yeye anao mwekundu.

Alinifundisha kusoma umri bila kumuuliza mwenyewe. Unakunjua bawa, unaliangaza tochi kwa nyuma: maungio ya vidole yakiwa bado yanapitisha mwanga, huyo ni kijana, yakiwa yamekaza kama fundo, ni mtu mzima. Jike anayenyonyesha, manyoya yanayozunguka chuchu yamelika kwa kunyonywa, kama zulia mlangoni. Na kinyesi chenyewe kinasema. Cha anayekula wadudu ni cheusi, kikavu, ukikisaga kinameremeta kwa vipande vya mbawa. Cha anayenyonya ni laini na cha njano. Maabara kubwa ndizo zinazosoma bakteria wenyewe, na matokeo yake yanahitaji subira, lakini njano na nyeusi fundi anaziona palepale.

Tulikwenda kila mahali, mpaka Rungwa, ambako mvua ilitukwamisha na mtungi wa naitrojeni ukaanza kuisha. Juma aliuvisha blanketi lake ili usipate joto, yeye mwenyewe akatetemeka kwenye usukani mpaka kulipokucha. Sampuli zilipona. Juma alipata mafua, na hakukuwa na fungu la bajeti kwa ajili ya hayo.

Mzee Yohana alistaafu akarudi kwao kulima uwele. Alipofariki nilikwenda kumzika nimevaa koti lake. Mjane wake alilitambua, akalishika mkono wa kulia, akaniambia, "Alisema limepotea." Tulilia wote wawili, tukacheka pia, kwa sababu hakuwa mtu wa kupoteza vitu.

Sasa nafika kwenye kichupa.

Kuna kijiji mbele ya Itigi, kwenye barabara ya kwenda Rungwa, chenye zahanati ndogo na wodi ya wazazi yenye vitanda vichache. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu wa nyanjani. Tulisikia kwamba darini mwa wodi ile kuna kundi kubwa la popo, na kwamba ni majike wanaozaa. Tulipofika asubuhi, muuguzi aliyekuwa na dhamana, Sista Veronika, alitupokea na fagio mkononi.

"Nyie ndio wenye hawa popo?"

"Sisi si wenyewe, Sista. Ni wageni wao."

"Basi wageni waondoke na wenyeji wao." Kisha akakumbuka adabu, akasema karibuni, akatuletea viti.

Alinionyesha. Juu ya kila kitanda alikuwa ametundika kanga kukinga vinyesi. Harufu ilikuwa kali. Bwana afya wa wilaya alikuwa amekwisha kuja, akasema dari lizibwe kabla ya Krismasi, la sivyo wodi ataifunga. Hapo sikuwa na ubishi naye. Kinyesi cha popo juu ya mzazi na kichanga si jambo la kuvumiliwa, na mimi ninayekipenda nalisema hilo kwa sauti.

"Wakifunga," Sista Veronika akaniambia, "mimi najua kitakachotokea. Mvua za mwaka juzi walifunga kwa ukarabati. Mzazi akashikwa uchungu, tukampakia pikipiki kwenda Itigi. Nikafuata nyuma na pikipiki nyingine. Nimemzalisha barabarani, mama, mvua inanyesha, nimemfunika kwa koti la bodaboda." Akalikung'uta fagio. "Mtoto yupo, juzi kaja chanjo. Mama yake hakufika Itigi akiwa hai." Akainama akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Fundi alikuwa ameshaitwa. Shabani, seremala wa kijiji na mfuga nyuki, alikuwa nje na ngazi, misumari na saruji, tayari kuziba tundu lililokuwa pembeni mwa paa ambalo popo walitokea. Nilimwomba Sista anipe muda wa kuangalia tu. Tukavaa barakoa, nikapanda, nikashusha mama mmoja na mtoto wake kwenye mifuko miwili, nikafunga uzi mwekundu. Sista alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma kama nilivyomwomba.

"Huo uzi wa nini?"

Nikamweleza. Akatazama mlango wa wodi. "Sisi tunabandika plasta mkononi, tunaandika jina la mama."

Mtoto alipojisaidia, nikafungua mfuko kutoa kile kipunje. Sista akasogea, akachungulia juu ya bega langu.

"Huyu ananyonya," akasema.

"Umejuaje?"

"Mama weee! Miaka yote hii naangalia nepi, nitashindwa hii? Si njano hiyo?" Na sauti yake ikawa nyingine, ile anayowasemesha wazazi wake. "Ananyonya vizuri kabisa."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza tunachotafuta, kwamba mtoto anapozaliwa wale wakazi wa tumboni anawapata kwa mama yake, kwa kulambwa, kwa kubanana na wenzake darini, na kwamba maziwa yanawalisha wale wanaomfaa. Akatikisa kichwa. "Kumbe kama wa kwetu. Ndiyo maana nawaambia mpeni mtoto ziwa mapema, msianze na maji." Tukazungumza hivyo, mkunga na fundi wa kinyesi cha popo, kama majirani waliokutana kisimani.

Kisha akauliza, "Shabani akiziba leo?"

"Walio ndani watafia ndani. Walio nje watazunguka tundu mpaka wachoke. Halafu mizoga itaoza juu ya vitanda. Kwa wodi, hiyo ni mbaya kuliko vinyesi."

"Sikuuliza wodi," akasema. "Nimeuliza wao."

Aliondoka akaenda nje, nikamsikia anamwambia Shabani ashushe ngazi. "Hatufungi leo. Kuna wazazi mle ndani."

Tulipatana hivi. Angetandaza turubai safi sakafuni, chini ya upande wenye popo, vitanda vihamie upande ule mwingine, na Shabani atengeneze sanduku la mbao litundikwe juu kwenye nguzo ya tangi la maji, liwe makazi yao mapya. Watoto wakishaweza kuruka, tungeweka kwenye tundu bomba la plastiki lililoinama, ambalo popo anateleza kutoka lakini hawezi kupanda kurudi. Wakitoka wote, saruji. Ili kujua ni lini, Sista angeangalia rangi. Kila asubuhi alinyunyiza maji ya dawa, akafagia na barakoa yake, kisha akanitumia ujumbe Manyoni. "Njano nyingi." "Leo njano zimepungua." "Nyeusi zinameremeta, wameanza kujitegemea." Vijana ofisini waliposoma simu yangu wakafikiri nimeingia kwenye biashara ya shanga.

Lililotuchelewesha ni sanduku. Shabani alilitengeneza vizuri mno, mbao za mninga, kifuniko kimekaa sawasawa. Lakini mtu wa nyuki ni mtu wa nyuki. Maisha yake yote, akimaliza mzinga anaupaka nta ndani ili kundi livutiwe, na mikono yake ikafanya hivyohivyo bila kumuuliza. Tulilitundika. Hata wiki haikuisha nyuki wakalijaa, na hakuna aliyeweza kusogelea tangi kuchota maji. Mwenyekiti wa kijiji akaja kulalamika. Shabani alisimama pale chini kofia mkononi, akiwaangalia.

"Kundi zuri," akasema kwa unyonge. "Nimelitafuta kundi kama hili tangu mwaka jana."

Akalihamishia porini kwake, akatengeneza jingine lisilo na nta. Asali ya lile la kwanza alituletea baadaye, na nawaambia ilikuwa tamu. Ila siku zilikuwa zimekwenda, na tarehe ya bwana afya ilikuwa imetukaribia.

Njano zilipokoma kabisa, nilikwenda kukaa pale kijijini. Tukaweka bomba. Jioni ile popo walimiminika, wakubwa na vijana wao, wakapotea juu ya vichaka vya Itigi, na kulipopambazuka darini kukawa kimya. Turubai halikuwa na kitu. Sista alizunguka wodi nzima na fagio akikosa cha kufagia. Bwana afya alikuwa anakuja kesho yake.

Kesho yake asubuhi Sista akanigongea mlango. Hakunisalimu hata, yeye mwenye adabu zile.

"Mama Asha, njoo uone."

Pembeni mwa turubai palikuwa na doa dogo, laini, la njano.

Tukasimama tunaliangalia. Kisha tukakisikia, juu kule kwenye kona, kile kilio chembamba. Mzazi mmoja aliyekuwa kitandani, mtoto wake hajamaliza hata siku mbili, akasema, "Kanalia tangu alfajiri, Sista. Na mama yake yuko huko nje, anakwaruza kwenye bati. Nilidhani naota."

Popo wale huzaa zaidi ya mara moja katika msimu, na huyu alikuwa amezaliwa nyuma ya wenzake, peke yake, na rangi yake siku mbili tatu zile haikudondokea turubai. Bomba nililoweka mimi kwa mkono wangu ndilo lililokuwa limemfungia mama yake nje alipotoka usiku wa jana yake. Mtoto wa umri ule hakai siku nyingi bila kunyonya.

Bwana afya alifika mchana na pikipiki, kijana nadhifu, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akapanda ngazi mwenyewe akachungulia; mtoto alikuwa amejibana kati ya bati na ukuta, mahali mkono haufiki. Aliposhuka, Sista alimweleza bila kuficha kitu: kuna mtoto amebaki, na anataka bomba litolewe jioni, mama yake aingie amtoe.

"Sista," akasema taratibu, "ukitoa bomba, wote watarudi. Kesho tutakuwa pale pale. Mimi nimetumwa kuwalinda wazazi."

"Na mimi pia."

"Hawa ni popo."

"Najua ni popo, mwanangu. Usiku wa leo nina wazazi wawili mle ndani wanamsikiliza huyo mtoto analia. Nitawaambia nini? Na wodi ukiifunga, nitawaambia nini tena?" Niliona amelikamata fagio kwa mikono miwili, na nilijua anaiona barabara ya Itigi na mvua.

Yule kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliona haki iko kila upande, na hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Mwishowe akasema, "Nitasubiri mpaka giza liingie. Bomba litolewe. Giza likishaingia, na tundu likiwa bado wazi, naandika wodi ifungwe."

Wakati huo nilikuwa nimempigia simu kiongozi wetu wa utafiti. Alifurahi mno. Mtoto aliyechelewa kuzaliwa na mama yake, wakati wengine wote wameshaacha kunyonya, lilikuwa jambo ambalo hatukuwa nalo kwenye boksi lolote. "Wakitoka, wakamate wote wawili. Tafadhali usiwakose." Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa nawataka. Nikaandika vibandiko, nikatega wavu mbele ya tundu, nikachemsha mifuko, nikakata kipande cha uzi mwekundu.

Jua lilipozama Shabani akatoa bomba. Tukarudi nyuma tukasimama uani. Wale wazazi wawili walitoka mpaka barazani, watoto wamewafunga kwa kanga, na Sista hakuwafukuza. Bwana afya alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki tumboni.

Yule jike akaja. Alipita mara ya kwanza, akaona wavu wangu, akakata kona. Akapita tena. Aliruka vibaya, kwa kuchoka, wala hakuwa anafuata wadudu. Alikuwa amezunguka paa lile tangu jana yake. Ndani mtoto alimsikia, akapandisha sauti.

Nilikuwa nimevaa lile koti la kaki. Sitasema kwamba nilimsikia Mzee Yohana, mimi si mtu wa mambo hayo. Nilijua tu kwamba nikimshika huyu kwa hali aliyonayo, anaweza kumwangusha mtoto, au kumwacha na asirudi, na kwamba sina haki ya kuomba hicho. Nikaenda nikakunja wavu. Nikaukunja wote, nikauweka chini ya mguu wangu.

Akaja kwa mara ya tatu, akatua kwenye ukuta, akatambaa akaingia. Kilio kikakoma.

Tulisubiri. Wala popo wengine hawakurudi. Walikuwa wameshazoea kwingine. Mwanga ulikuwa unaisha, na bwana afya alitazama mbingu, akatazama saa. Kisha kikatokea kichwa kidogo kwenye tundu, na baada yake mwili mnene kuliko ulioingia. Mtoto alikuwa kifuani, kamng'ang'ania mama yake kwa kucha zote. Akajiachia. Alishuka chini mno mpaka nikafumba macho, maana mzigo ulikuwa mkubwa. Nilipofumbua alikuwa amepata nguvu, anapanda. Akazunguka ua mara moja, akaenda kwenye nguzo ya tangi, akaingia kwenye sanduku la Shabani.

"Nenda, mama," Sista Veronika akasema polepole. "Nenda kanyonyeshe."

Mmoja wa wale wazazi akapiga kigelegele. Sista akamgeukia, machozi yanamtiririka, akamkaripia: "We! Utawaamsha watoto." Bwana afya akaweka kofia yake chini. "Fundi," akamwambia Shabani, "panda ufunge," na ngazi akaishika yeye mwenyewe mpaka saruji ikaisha.

Wodi haikufungwa. Msimu ule wa mvua watoto walizaliwa ndani, kwenye vitanda, chini ya dari zima.

Kiongozi wetu alinuna siku kadhaa, na alikuwa na sababu. Sara, kichupa kile hakikukauka wala hakikuibwa. Nilikiziba kikiwa kitupu, nikakipanga mahali pake katikati ya wenzake, ili boksi liseme kweli: mtoto huyu alikuwepo, na sisi tulikuwepo, na hatukumshika. Mkihamisha friza, msikitupe. Na siku moja mtakuwa na wavu mkononi, na kitu mnachokitaka sana kitapita mbele yenu kimechoka. Kiangalieni vizuri kwanza. Huyu wangu alikuwa anarudi kwao na mtoto.